SOMO LA KIKUNDI: SUNGURA, WAYA WA UMEME NA NYUMBA YA MFANYAKAZI



Somo letu safari hii linahusu sungura. Wako watakaocheka na kusema chama kimekosa la kuandika, mishahara imesahauliwa, sasa tunafundishwa ufugaji. Wacheke, kisha wasome. Waya ulioguguniwa na sungura chini ya kitanda unaua sawasawa na waya uliochubuka kiwandani. Tofauti ni kwamba kiwandani yuko fundi, iko swichi ya kuzimia mashine na liko sanduku la huduma ya kwanza. Nyumbani yuko mtoto anayetambaa na nyanya yake anayesinzia.

Somo hili lisomwe kwa sauti katika kikundi. Palipo na hesabu, mmoja achukue kijiti aandike mavumbini, wote waone.

KWA NINI SUNGURA YUKO NDANI

Katika mashamba ya chai na ya miwa hapa Uganda, mfanyakazi anayeishi laini hana mahali pa kufugia ng'ombe. Ardhi ni ya shamba hadi ukutani mwa nyumba yake. Mbuzi humletea kesi kwa msimamizi kila wiki. Kuku huingia kwa jirani na kurudi na ugomvi. Sungura hukaa katika sanduku, hula majani, hana kelele, na jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi tu. Mtoto wa shule anaweza kumtunza, na akiuzwa hupatikana daftari na sabuni. Kwa hiyo asitokee mtu akasema tu, "Acheni kufuga." Huyo hajui chumba cha mfanyakazi kinaendeshwaje.

Mchana sanduku liko nje. Usiku huja mwizi, huja mbwa wa kuzurura, huja kicheche. Basi jioni sanduku huingizwa ndani, na mahali pake ni chini ya kitanda. Ekstensheni nayo inapita wapi? Chini ya kitanda, maana soketi ni moja tu, iko upande wa mlango, na redio, pasi na chaja ya simu viko upande wa pili. Hapo ndipo wawili hawa hukutana.

MENO YAKE

Sungura ana meno 28. Mbele juu ana mawili makubwa, na nyuma ya hayo yamo mawili madogo yaliyojificha. Panya hana hayo madogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya wataalamu kumtoa sungura katika ukoo wa panya. Lakini katika jambo linalotuhusu wamefanana: meno yao ya mbele hayaachi kukua. Ya sungura hukua kiasi cha milimita 2 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52, ni zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Asipoyasaga yatapinda, atashindwa kula, na atakufa njaa huku majani yako mbele yake. Kuguguna kwake si utundu wala njaa. Ni kazi anayotakiwa kuifanya kila siku, kama wewe unavyotakiwa kunoa panga kabla ya kuingia katika miwa.

Iko sababu ya pili. Sungura tunayemfuga asili yake ni Hispania na Ureno, na wahenga wake waliishi katika mashimo waliyoyachimba. Si yule mjanja wa hadithi zetu. Yule ni wa porini, hulala juu ya ardhi katika nyasi na hachimbi shimo. Huyu wa mashimo akikuta mzizi umeziba njia yake huukata apite. Sasa fikiri waya uliolazwa sakafuni, mwembamba, laini, umekatiza kati ya sanduku na mlango. Kwake yeye huo ni mzizi. Waya wa chaja huukata kwa mng'ato mmoja, kabla hujageuza shingo. Kumpiga hakusaidii kitu, kwa sababu hataunganisha kofi lako na waya. Atakachojifunza ni kukuogopa wewe.

YANAYOTOKEA NDANI YA WAYA

Umeme unaoingia katika nyumba zetu ni wa volti 240. Waya wa ekstensheni una ganda la nje, na ndani yake nyaya ndogo tatu, kila moja na ganda lake, na ndani ya kila ganda nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Rangi zake ni kahawia kwa waya unaoleta umeme, bluu kwa unaourudisha, na kijani chenye mstari wa njano kwa waya wa ardhi. Katika nyumba za zamani mtakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Ekstensheni za bei rahisi zina nyaya mbili tu, hazina ardhi kabisa, na hizo zisiingie nyumbani mwenu.

Meno ya sungura yanaweza kufanya mambo ya namna mbalimbali. Akila ganda la nje tu, hakuna kitakachoonekana. Taa inawaka, redio inaimba. Akifikia waya wa kahawia, shaba iko wazi, na bado redio inaimba. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika: wanadhani waya ulioharibika lazima uonyeshe kwa kuzima. Waya uliochubuka hufanya kazi vizuri sana mpaka atokee wa kuugusa.

Akikata nyaya mbili zikagusana, kunatokea mlipuko mdogo, fyuzi hukatika na chumba kinakuwa giza. Watu hupiga kelele, lakini kwa hesabu yangu hiyo ndiyo afadhali, kwa sababu umejua.

Iliyo mbaya kuliko zote ni pale anapokata nyuzi za shaba baadhi tu. Tuseme waya una nyuzi 24, naye amekata 18, zimebaki 6. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5, yaani 1,200 gawanya kwa 240. Ampea zile zile 5 zilizokuwa zikipita katika nyuzi 24 sasa zinajibana katika nyuzi 6. Ni kama wachumaji wote wa zamu kutokea mlango mmoja ilhali milango ilikuwa minne. Mahali hapo panapata joto, ganda la plastiki linalainika, na kama juu yake pamelala godoro au mkeka joto halina pa kutokea. Fyuzi haijui lolote. Yenyewe inaona ampea 5, nayo imeandikwa 13.

Hapa tusimame kidogo, maana ni mahali ambapo hata mafundi wa mtaani hukosea. Fyuzi inalinda waya usiungue kwa kuzidiwa mzigo. Haimlindi mtu. Tufanye hesabu. Mwili wa mtu, ngozi ikiwa na unyevu, huuzuia umeme kwa kiasi cha omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000, unapata ampea 0.24. Ampea 0.03 tu zinaweza kubana misuli hata mtu ashindwe kuachia waya na ashindwe kuvuta pumzi, na zikizidi hapo kidogo moyo unapoteza mapigo yake. Kwa hiyo 0.24 ni mara nane ya kiasi cha hatari. Na fyuzi inangoja zaidi ya 13! Mtu atakufa na fyuzi itakuwa nzima, na kesho yake itawasha taa ya matanga.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kile kinachokaa katika bodi ya umeme na kuandikwa RCD, pamoja na 30mA. Hicho hupima umeme unaokwenda na unaorudi. Unaorudi ukipungua kwa ampea 0.03, maana yake umepata njia nyingine, labda mwili wa mtu kwenda ardhini, na hukata mara moja, kabla hujamaliza kusema "ai". Kina kitufe chenye herufi T. Ukikibonyeza lazima kikate. Kisipokata kimekufa. Lakini nacho si mganga: ukishika nyaya zote mbili kwa pamoja huku umesimama juu ya kitu kikavu, hakitajua, kwa kuwa umeme wote unarudi.

WENYE UMEME WA JUA

Wengine watasema, sisi hatuna volti 240, tunatumia paneli na betri ya volti 12. Ni kweli kwamba volti 12 hazitakurusha. Lakini betri ile ina nguvu ya kumwaga ampea nyingi mno kwa pamoja pale nyaya zake mbili zinapogusana, na waya mwembamba wa taa utakuwa mwekundu kama waya wa jiko. Nyumba za nyasi na za mbao hazihitaji zaidi ya hapo. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya, siyo karibu na taa. Waya wote ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi.

KUMTENGA SUNGURA NA WAYA

Dawa ya kwanza ni banda lake mwenyewe. Lijengwe nje, ukutani, chini ya ukingo wa paa, limeinuliwa kiasi cha mita moja kutoka chini, na mlango wa kufuli. Mbele liwe na wavu ule mgumu uliolehemewa kila kiungo. Wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita ni mwembamba. Sungura huukata kwa meno, na mbwa huuchana kwa kucha. Sakafu ikiwa ya wavu, mwekeeni na ubao wa kulalia, la sivyo nyayo zake zitatoka vidonda. Familia tatu nne zikishirikiana hupata banda moja refu lenye vyumba, na mlinzi wa zamu ya usiku akiombwa vizuri hulipitia.

Kama bado halijajengwa na sungura lazima alale ndani, basi sanduku lifungwe kwa kweli, siyo kuegeshewa tofali. Waya uinuliwe. Sungura akisimama kwa miguu ya nyuma hufika juu kuliko mnavyodhani, na akipata ndoo au stuli ya kurukia hufika zaidi. Pitisheni waya mita moja kutoka sakafuni, ufuate ukuta, ushikwe kwa vibanio vya plastiki vyenye msumari wake pembeni. Msumari usipite katikati ya waya wala usikunjwe juu yake. Nimeona nyumba ambamo mwenyewe ndiye aliyeutoboa waya kwa nyundo, sungura hata hajafika.

Sehemu ambayo lazima ishuke chini ivikwe ganda la pili. Bomba gumu la plastiki la kupitishia nyaya ni zuri. Tatizo ni kwamba plagi haipiti ndani ya bomba, na watu hukata waya, wakaupitisha, kisha wakauunganisha kwa tepu. Msifanye hivyo. Pasueni bomba kwa msumeno wa chuma kwa urefu wake, upande mmoja tu, lipanueni, ingizeni waya, kisha lifungeni kwa kamba kila baada ya shubiri. Mpira wa kumwagilia maji waweza kupasuliwa vivyo hivyo kwa kisu. Huo ni laini, sungura atautafuna, lakini utampa kazi ya siku kadhaa nawe utaona alama kabla hajafika ndani.

Asiye na pesa ya bomba achukue mwanzi mkavu. Upasueni katikati, toboeni vifundo vya ndani, laini kabisa visikwaruze waya, lazeni waya humo na kufunga nusu mbili kwa kamba ya mgomba. Nimeuona ukifanya kazi vizuri kwa waya wa redio na wa chaja. Kwa waya wa pasi au wa jiko siupendekezi, kwa sababu mwanzi ni kuni. Na bomba la chuma liacheni kwa fundi: waya ukichubuka ukingoni mwa chuma, bomba zima linakuwa na umeme, na hapo mmetengeneza mtego mrefu kuliko ule mliokuwa mkiukimbia.

Waya usifichwe chini ya mkeka, wala chini ya godoro. Kwanza joto, pili huoni kinachotendeka.

Sasa kuhusu dawa za kupaka. Pilipili: wako sungura wanaoacha na wako wanaopiga chafya na kuendelea, na baada ya siku chache imekauka na kupukutika. Sabuni ni vivyo hivyo, tena akiila itamdhuru tumbo. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari sitaki hata kuyazungumza. Mtu anayepaka mafuta ya taa kwenye waya wa umeme anaandaa utambi.

Mpeni kitu chake cha kutafuna. Nyasi kavu ziwe mbele yake mchana na usiku, hizo ndizo zinazosaga meno vizuri, pamoja na vijiti vya mforosadi. Msimpe majani wala magamba ya mparachichi, ni sumu kwake. Majani ya viazi mviringo vilevile hayafai. Na hapa niwaambie wenzangu wa mashambani jambo moja: nyasi zilizo kati ya mistari iliyopigwa dawa msizichume, hata kama ni nzuri kwa macho. Waulizeni wapiga dawa walipita wapi wiki hiyo; wao ni wanachama wenzenu na hawatawaficha.

Jambo la mwisho katika sehemu hii halina gharama. Soketi zetu nyingi zina swichi yake. Kabla ya kwenda kazini alfajiri, zima, kisha chomoa. Waya usio na umeme, sungura autafune mpaka achoke, hasara ni ya waya peke yake.

WAYA ULIOKWISHA GUGUNIWA

Kila Jumapili, umeme ukiwa umezimwa, pitisha kidole juu ya kila waya kutoka plagi hadi mwisho. Macho hukosea, kidole hakikosei. Ukikuta meno yamepita, tepu si dawa. Tepu hulegea kwa joto, sungura huing'oa kwa kuwa ina gundi, na haiunganishi nyuzi zilizokatika.

Kama mng'ato uko karibu na plagi, waya unaweza kukatwa hapo na plagi ikafungwa upya kwenye mwisho mzima. Ukifungua plagi ya miguu mitatu na kuitazama ndani, mguu wa ardhi ukiwa juu, waya wa kahawia huenda kulia penye fyuzi, bluu kushoto, kijani na njano juu. Waya wa ardhi uachwe mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Ganda la nje libanwe na kile kibanio cha mlangoni mwa plagi. Nyaya ndogo zikionekana nje ya plagi, kazi irudiwe. Fyuzi ya 3 kwa redio na televisheni, ya 13 kwa pasi. Msumari, karatasi ya sigara na uzi wa shaba si fyuzi. Asiyewahi kufanya kazi hii asijifunzie juu ya watoto wake. Katika kila tawi yuko fundi wa umeme wa kiwandani, na amwombe amwonyeshe.

Kama mng'ato uko katikati ya ekstensheni, ekstensheni hiyo imekufa. Ikatwe vipande mbele ya watu, vinginevyo itaokotwa na kuuzwa laini ya pili.

UKIMKUTA SUNGURA AMELALA NA WAYA MDOMONI

Kila mzazi amfundishe mtoto wake jambo hili leo jioni. Sungura aliyepigwa na umeme anaweza kuwa bado ameuma waya, na mwili wake una umeme kama waya wenyewe. Tena pale alipokojoa sakafu ina maji ya chumvi, na hayo hupitisha umeme vizuri sana. Mtoto akimwona kipenzi chake amelala atakimbia kumnyanyua. Mwambieni: usimguse, ita mtu mkubwa. Mkubwa naye azime swichi kubwa kwanza, ndipo ainame.

Ni vivyo hivyo kwa mtu aliyenaswa. Zima. Usipoweza kuzima, simama juu ya kitu kikavu, ubao au jerikeni la plastiki lililolazwa, na umsukume mbali na waya kwa mpini mkavu wa jembe. Usimshike kwa mkono, mtakuwa wawili. Akiwa hapumui, mlaze chali na mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayejua kupuliza pumzi apulize mara 2 kila baada ya mara 30. Mtoto mkandamize hadi theluthi ya unene wa kifua chake. Mwingine akimbilie gari, bila kungoja ruhusa. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, umeme ukiwa umekwisha zimwa. Na aliyepigwa na umeme akiinuka na kusema hajambo, apelekwe zahanati vilevile, kwa kuwa moyo waweza kusumbua baadaye.

Moto wa umeme usimwagiwe maji kabla ya kuzima. Mchanga, naam. Katika laini vyumba vyote vina paa moja na juu ya kuta pako wazi. Moto ulioanza chumba cha 3 utafika cha 10 kwa kupitia juu, wakati watu bado wanabishana chini. Toeni watoto wa laini nzima, siyo wa chumba kinachowaka tu.

NANI MWENYE WAYA

Mwaka 2019 katika shamba moja la chai, ambalo sitalitaja, waya uliguguniwa, godoro likaungua, mtoto akapata kidonda mkononi. Wiki iliyofuata uongozi ulibandika tangazo: sungura wote waondolewe katika laini, atakayekutwa naye atapewa barua. Wanachama walikuja kwa katibu wa tawi wamegawanyika. Wengine walitaka kugoma. Wengine, na hasa jirani za chumba kilichoungua, walisema uongozi una haki.

Tawi halikugoma wala halikukubali. Wajumbe wawili walipita nyumba kwa nyumba na daftari, wakihesabu. Soketi ngapi katika kila chumba? Ekstensheni ngapi zimetoka dirishani kwenda kwa jirani? Bodi ya umeme ya laini iko wapi, na ufunguo anao nani? Walichokuta ni vyumba vyenye soketi moja na vingine visivyo na soketi, watu wamechukua umeme kutoka kwenye kishikio cha taa, na bodi iliyofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulikaa ofisini, kilomita kadhaa kutoka pale. Usiku ule wa moto hakuna aliyeweza kuzima.

Daftari hilo liliwekwa mezani. Majadiliano yalikuwa marefu na hatukupata yote. Tangazo liliondolewa kwa sharti kwamba sungura walale nje katika mabanda, na shamba lilitoa mabanzi ya kujengea. Ufunguo uliletwa kwa mwakilishi wa laini. Soketi ziliongezwa katika laini mbili, nyingine zikaahidiwa, na kwa ahadi hizo tawi liliandika barua nyingi. RCD hatukuzipata safari ile.

Nawaeleza haya ili mjue mpaka ulipo. Ekstensheni yako ni yako, na sungura ni wako. Hapo mwajiri akikukemea, sikiliza. Lakini katika nyumba ya shamba, waya wa ukutani, soketi na bodi ni vya mwenye nyumba. Chumba chenye watu sita na soketi moja kinalazimisha ekstensheni, na ekstensheni lazima ipite mahali. Mkataba namba 110 wa mwaka 1958 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu mashamba makubwa, una sehemu nzima juu ya nyumba za wafanyakazi, na Pendekezo namba 115 la mwaka 1961 linahusu nyumba za wafanyakazi kwa jumla. Haya si ya kumtishia meneja. Ni ya kumwonyesha kwamba nyumba bora si hisani. Kinachombana hasa ni mkataba wa pamoja uliotiwa sahihi kati ya chama na mwajiri. Fungueni kifungu cha nyumba msome kama kinataja umeme. Vingi vinasema "nyumba inayofaa" na kuishia hapo, na neno hilo kila mtu hulivuta upande wake. Mkataba ukifunguliwa tena, andikeni kwa hesabu: soketi mbili kila chumba, RCD ya 30mA kila bodi, ukaguzi wa nyaya mara moja kwa mwaka mbele ya mjumbe wa chama, ufunguo ukae laini.

MASWALI YA KIKUNDI

Je, katika laini yenu swichi kubwa iko wapi, na usiku wa manane nani anaweza kuifikia? Pasi ya wati 960 huvuta ampea ngapi, na fyuzi ya 3 itaistahimili? Kwa nini mtu anaweza kufa na fyuzi isikatike? Mwenzenu anafuga sungura sita chini ya kitanda na amekataa kujenga banda kwa sababu wanaibwa. Jirani zake wamechoka naye. Mtamwambia nini, na nyinyi mtamsaidia kwa lipi? Majibu ya swali hili la mwisho yaandikwe na kupelekwa kwa katibu wa tawi pamoja na hesabu ya soketi za kila chumba.